Kwa wanaoanza kazi ya malisho: njooni Septemba

Wadogo zangu mnaoniuliza namna ya kuingia kwenye kazi ya malisho na hifadhi ya ardhi, karibuni sana, watu wanahitajika. Njia za masomo zipo. Shahada ya usimamizi wa nyanda za malisho inatolewa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Anayeanzia ngazi za chini upande wa mifugo, LITA, wakala wa serikali wa vyuo vya mafunzo ya mifugo, wana kampasi Mabuki, hapa hapa wilayani Misungwi, mkoa wa Mwanza. Anayependa wanyamapori, chuo cha Pasiansi kipo Mwanza mjini. Hayo sitayarefusha. Ninalotaka kuwaambia ni lile ambalo mimi sikuambiwa: ardhi ya malisho isome kiangazi, tena kwa miguu.

Niliripoti kazini Aprili, Usukuma yote ikiwa kijani. Nikapangiwa kusaidia kijiji kimoja kutenga ngitili. Kwa mgeni wa huku, ngitili ni eneo la nyasi linalofungwa mvua zinapoanza, likafunguliwa kiangazi kikikolea ili ndama, ng'ombe wadhaifu na maksai wasife njaa. Ni utaratibu wa wazee tangu zamani. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 ulipata nguvu pale ulipoufufua.

Nikachora ramani, mawe ya mipaka yakapakwa chokaa, mkutano wa kijiji ukapitisha. Agosti nikaambiwa mawe yameng'olewa na ng'ombe wanakatiza katikati. Nilikasirika, nikadai watu watozwe faini. Mzee mmoja mfugaji akaniambia kwa upole, "Mwanangu, njoo kesho alfajiri tutembee."

Tulitembea nyuma ya ng'ombe wake. Lambo la kijiji lilikuwa limekauka, limebaki tope lenye nyufa ambazo mkono wangu uliingia hadi kwenye kifundo. Maji yaliyobaki ni ya ziwa, na mapito ya kwenda ziwani yalipita katikati ya eneo nililolifunga. Aprili nilipopima, lambo lilikuwa limejaa na nyasi zimeyafunika mapito yale. Sikuyaona, na sikumuuliza mtu.

Ufukweni nako kingo zilikuwa zimebomoka kwa kwato, udongo unaingia majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini huwezi kumsomea sheria mtu mwenye ng'ombe wenye kiu bila kukaa naye mkubaliane mahali pa kunyweshea.

Ukiwa uwandani, piga goti. Sukuma nyasi kando kwa mkono utazame udongo. Ukikuta mashina yamesimama juu ya vilima vidogo na mizizi iko nje, mvua imeshaondoka na udongo wa juu. Tofautisha nyasi za kudumu na za msimu, maana masika zote zinapendeza machoni. Septemba za msimu zimeshapukutika, na unayoyaona ndiyo malisho ya kweli.

Halafu pima. Chukua fremu ya nusu mita kwa nusu mita, kata nyasi zilizomo, zianike zikauke, zipeleke kwenye mizani. Ukipata wastani wa gramu 50 kwa kila fremu, hizo ni kilo 2,000 kwa hekta. Nusu iache ilinde udongo na kuchipua tena, zibaki kilo 1,000. Ng'ombe wa kilo 250 hula karibu kilo 6 za nyasi kavu kwa siku, yaani kilo 540 kwa siku 90. Kwa hiyo ngitili ya hekta 40 inabeba ng'ombe wasiozidi 74 kwa miezi mitatu. Kijiji kina mamia.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Nani aingize, nani asubiri? Kwa maoni yangu maksai watangulie pamoja na ndama, kwa sababu mvua za vuli zikianza na maksai hawana nguvu, shamba halilimwi na nyumba nzima inalala njaa. Lakini uamuzi ni wa wenyeji, wewe wape hesabu. Na akina mama wanaokata nyasi za kuezekea wasikilizwe mapema. Mimi niliwasahau, kumbe wao ndio waliojua kona ambayo nyasi ndefu huota kila mwaka hata mvua ikipungua.

Tulikaa vikao vitatu. Mapito yakaachwa wazi, mpaka ukasogezwa upande wa mlimani, kona ya akina mama ikabaki yao. Mwaka uliofuata mawe yalikaa mahali pake hadi siku ya kufungua, na yule mzee akaswaga ndama zake kuingia mbele ya wote.