Mwenye duka akitaka kubadilisha mkataba njiani

Msimu wa wageni ukikaribia hapa Malindi, wenye majengo huanza kupiga hesabu upya. Mimi ni fundi cherehani, nimekodi chumba cha duka, na mkataba wetu unasema maji yamo ndani ya kodi. Siku moja mwenye nyumba akaja na nakala yake, imeongezwa mstari kwa kalamu ya buluu: maji nijilipie, kodi nayo ipande. Kando ya mstari sahihi ilikuwa moja tu, yake.

Ni mzee wa heshima, sikubishana naye barazani. Nilimwambia, "Mzee wangu, nimekusikia. Nitakujibu kwa maandishi."

Kwa sisi wa maduka, hoteli na mikahawa kuna sheria ya Kenya ya wenye nyumba na wapangaji, Sura ya 301. Kama mkataba wako ni wa mdomo, au umeandikwa lakini hauzidi miaka 5, mwenye nyumba hawezi kugeuza sharti kwa kalamu wala kwa ujumbe wa simu. Sharti akupe notisi kwenye fomu maalumu, na isianze kufanya kazi kabla ya miezi 2 tangu uipokee. Wewe una mwezi 1 wa kumjibu kwa maandishi kama unakubali au hukubali. Ukikataa, peleka shauri kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla tarehe ya notisi haijafika. Wengi huumia hapa: wanalalamika mtaa mzima, barua hawaandiki, tarehe inapita na notisi inashika.

Nyumba za kuishi ni habari nyingine. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, inamlinda mpangaji wa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na chumba cha bei hiyo mjini siku hizi nenda ukakitafute! Aliye juu ya hapo ashike mkataba wake. Upande mmoja hauwezi kuugeuza kabla haujaisha.

Kodi ya zamani endelea kuilipa, tarehe ile ile, kwa M-Pesa. Usimpe mwanawe taslimu mlangoni. Na usilipe kiwango kipya "kwa mwezi huu tu", maana kesho ataambiwa kila mtu kwamba ulikubali.

Mwenye nyumba wangu aliposoma barua yangu alininunia kwa muda. Baadaye akarudi, akataka tuzungumzie nyongeza mkataba ukiisha. Hapo nikamwekea kiti.