Bonde Ndilo Linalochosha

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, na mama yako nimemsomea mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alikuwa anacheka. Unasema wewe na wenzako wa kazini mnataka kutoka Ifakara hadi Mahenge kwa baiskeli, siku moja tu, na unaniuliza kama ni aibu mkifika chini ya mlima mkapakia baiskeli kwenye gari litakalokuwa linawafuata nyuma.

Kabla ya aibu: nani kawaambia tatizo ni mlima?

Siku zote nakwambia, bonde ndilo linalochosha, mlima unasingiziwa. Safari yenyewe ni kama kilomita 70, na sehemu kubwa ni tambarare. Watu wakiona tambarare wanafurahi. Lakini pasipo mteremko miguu inapumzika wapi? Ukiacha kukanyaga, baiskeli inasimama. Kulia mpunga, kushoto mpunga, mti wa kivuli hakuna, na mwezi wa saba upepo unatoka huko huko mnakokwenda. Mkifika Lupiro, kijiji cha njiani, mmeshakwisha, halafu mlima unahukumiwa kwa kosa la bonde.

Baba yako mdogo ndiye shahidi wangu, ingawa yeye husimulia vingine. Ilikuwa Julai 1987. Sisi tulikuwa tunalima Ifakara, babu na bibi yako wako Kwiro, hapo Mahenge, na mavuno yakiisha lazima mchele mpya upande nyumbani. Kila mmoja debe moja ndani ya gunia, limefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu. Mimi na baiskeli yangu ya Phoenix, yeye na ya kuazima, ambayo cheni yake ilikuwa imelegea tangu tunatoka mlangoni.

Kwenye Mto Kilombero tulikuta kivuko kiko ng'ambo. Nyinyi mtapita juu ya Daraja la Magufuli, mita 384, hata jasho halijakauka mko upande wa Ulanga. Sisi tulikaa ukingoni tukimwangalia mtu wa kivuko anakunywa uji wake taratibu. Mdogo wangu akataka tuvuke kwa mtumbwi, nikakataa. Mpaka leo anasema asubuhi yetu ya baridi iliishia pale kwa ajili yangu. Aseme. Kivuko chenyewe kilikuja kuzama mwaka 2016, seuze mtumbwi wenye baiskeli mbili na mchele wa mama, kwenye mto wa mamba na viboko.

Baada ya hapo ndipo bonde lenyewe. Barabara ilikuwa udongo mweusi wa mbuga, malori yaliichimba wakati wa masika, kiangazi kikaja kikaikausha vile vile ilivyo. Gurudumu likiingia kwenye mfereji wa tairi halitoki mpaka ushuke. Cheni ya mwenzangu ikawa inaruka; anairudisha kwa kijiti, anajifuta grisi kwenye suruali, tunakwenda kidogo, inaruka tena. Minepa tukasikia watoto wanacheka nyuma yetu. Kugeuka, gunia lake limetobolewa na ncha ya waya wa keria, mchele unamwagika punje kwa punje, na kuku wa kijiji kizima wanatufuata kwa mstari! Tuliziba tundu kwa kipande cha kanga tuliyopewa na mama mmoja pale, na hata yeye alikuwa hajiwezi kwa kicheko. Hapo nilifurahi, sifichi.

Lupiro akakaa chini akaomba togwa. Akasema nitangulie, atanikuta. Nikatangulia.

Nimeanza kukokota kupanda, kona ya pili au ya tatu, nasikia lori la makreti ya bia linanguruma nyuma. Nikapisha. Juu ya makreti kakaa nani? Yeye, baiskeli kailaza pembeni, na akanipungia kofia. Kofia, mwanangu! Niliingia Kwiro giza limeshaanza, nikamkuta kaoga, paja la kuku mkononi, na babu yako ananiambia, "Mdogo wako kakutangulia, kijana ana mapafu huyu." Mdogo wangu hakusema uongo hata neno moja. Alinyamaza tu, akala. Na tangu hapo kila harusi, kila arobaini, ni yeye aliyepanda mlima wa Mahenge na mzigo, mimi ni kaka aliyechelewa.

Mama yako hunikumbusha kwamba usiku ule mdogo wangu alishikwa na homa. Ni kweli, alitetemeka mpaka asubuhi, huenda ilikuwa imemwanza tangu Lupiro. Na lori lenye mzigo halikuwa la kusimamishwa mlimani kwa ajili yangu; likizima pale, kuliondoa ni kazi. Haya yote nayajua. Lakini mgonjwa hapungi kofia. Au anapunga? Basi, nisimhukumu mtu aliyemlipia shangazi yako ada ya shule.

Sasa gari lenu. Ifakara iko chini, mita 250 na ushee kutoka usawa wa bahari, Mahenge ni kama 1,000, kwa hiyo kupanda kupo, sikudanganyi. Ila mlimani kuna kivuli, hewa inapoa, na anayekokota hachekwi na mtu, maana kule kila mtu anakokota. Mkipanda gari wote, sioni aibu. Wakipanda baadhi na mmoja akabaki anakokota, hapo ningekuwa na la kusema, lakini ngoja ninyamaze.

Msiende Machi wala Aprili, bonde linajaa maji. Julai au Agosti, mtoke saa kumi na moja alfajiri, na maji ya kunywa muyahesabie bonde, si mlima, kwa sababu bonde ndilo linalochosha. Mnyororo badilisha kabla ya safari, usisubiri uanze kuruka. Baba yako mdogo nimeshamwambia mnakuja, kaahidi kuku. Muulize mwenyewe habari za lori, wenzako wakiwepo.

Mama yako anasisitiza ubebe sweta, Mahenge usiku kuna baridi mwezi huo, na usimwazime mtu.

Ni mimi baba yako.