Jibu: Waini tatu za Dodoma na chakula cha wageni Iringa

Mkuu, umesema umechukua waini tatu kwenye kiwanda kidogo cha Dodoma (Chenin Blanc, Syrah na nyekundu ya Makutupora), na Jumamosi una wageni hapo Iringa: sato wa Mtera, mbuzi choma na kuku wa kienyeji. Unauliza ipi iende na chakula kipi.

Chenin Blanc ni nyeupe na sifa yake kubwa ni uchachu, unaofanya kazi ileile ya ndimu kwenye samaki. Hiyo ni ya sato. Soma lebo kwanza, maana zabibu hii hutoa waini tamu na isiyo tamu. Kwa samaki chagua isiyo tamu. Ipoze vizuri.

Mbuzi mpe Syrah, ambayo ni nyekundu, na hapa nakusihi usibadilishe. Ule ukakasi unaousikia ulimini, kama wa chai ya rangi iliyokolea, unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na mafuta ya nyama ndiyo yanayoulainisha. Ndiyo maana ukiinywa peke yake unakunja uso, ukiinywa na ubavu wa mbuzi inateleza. Punguza pilipili kwenye kachumbari, kwani pilipili huuzidisha ukakasi. Friji haihitaji; baridi ya Iringa mwezi huu wa saba inatosha.

Makutupora iende na kuku wa mchuzi wa nyanya. Mimi naipenda kuliko zote, ni zabibu yenye jina la nyumbani, la Makutupora ya huko Dodoma.

Zikibaki, funga vizibo uweke kwenye friji, zimalizwe ndani ya siku mbili tatu.