Maswali ya Wasomaji: Rasiberi katika Nchi Isiyo na Theluji

SWALI: Mheshimiwa mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu na ninaishi Njoro, si mbali na Chuo Kikuu cha Egerton. Nina robo ekari ambayo kwa miaka mingi nimekuwa nikiipanda viazi na ngano kwa zamu, na sasa nimekusudia kutenga sehemu yake kwa rasiberi, zao ambalo sijawahi kulilima. Mpwa wangu aliyeko Uingereza ameahidi kuniletea miche katika mizigo yake atakapokuja Desemba, kwani anasema miche ya huko huzaa sana. Je, nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, anza kwa kumwomba mpwa wako aiache miche hiyo huko huko. Mmea hauingizwi nchini bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua afya ya mimea, na kibali hicho hutafutwa kabla mmea haujasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Rasiberi hubeba virusi visivyoonekana kwa macho, na shamba likishaambukizwa hakuna dawa ya kuvitoa. Hata hivyo, tuseme karatasi zote zimepatikana: bado kuna sababu nyingine ambayo kwa maoni yangu ni nzito zaidi, nayo ndiyo inayowavunja moyo wengi wanaoanza kilimo hiki katika nyanda zetu za juu.

Rasiberi ziko za namna mbili. Namna ya kwanza huotesha shina mwaka huu, shina hilo hulala wakati wa baridi, kisha huzaa mwaka unaofuata na kufa. Aina kama Tulameen ya Kanada na Glen Ample ya Uskoti ni za kundi hili, na kwa kawaida huhitaji kati ya saa 800 na 1,600 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi ili vitumba vyake viamke sawasawa. Usiku wa Julai huko Njoro ni wa baridi, nakubali, lakini kila siku jua hupanda na kurudisha joto, wala hatuna miezi mfululizo ya baridi ya namna hiyo. Mche wa kundi hili utakupa majani mazuri na mashina marefu mwaka baada ya mwaka, huku matunda yakiwa ya kuhesabu. Namna ya pili huzaa kwenye ncha ya shina lilelile lililoota mwaka huo, bila kungoja baridi. Heritage, iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Geneva, New York, mwaka 1969, ni ya kundi hili, na Autumn Bliss ya Uingereza vilevile. Basi unapokwenda kwenye kitalu chochote, swali lako la kwanza lisiwe bei wala ukubwa wa tunda, bali liwe hili: je, mche huu huzaa kwenye shina la mwaka huohuo? Muuzaji asipoweza kukujibu, usinunue.

Namna hii ya pili pia humrahisishia mgeni wa kilimo kazi ya kupogoa. Shina likimaliza kuzaa, unalikata hadi karibu na ardhi, na machipukizi mapya huinuka kutoka kwenye mizizi. Ulaya ni baridi inayotenganisha msimu na msimu, ilhali kwetu kazi hiyo hufanywa na mkasi wa mkulima, na humo mna faida kubwa: ukikata mstari mmoja mwezi huu na mwingine baada ya miezi miwili, mavuno hayatakujia yote kwa wakati mmoja. Ukipenda, waweza kukata ile ncha iliyozaa tu na kuiacha sehemu ya chini izae mara ya pili, lakini kwa mwaka wa kwanza ningekushauri ukate lote, ili mizizi ipate nguvu na wewe upate kuuzoea mmea.

Sasa nije kwenye viazi, kwa kuwa hapo ndipo barua yako iliponitia wasiwasi. Viazi, nyanya, pilipili na biringanya huacha udongoni ukungu wa mnyauko uitwao vatisiliamu, ambao hukaa miaka mingi ukingoja mmea mwingine wa kuushambulia, na rasiberi ni mmojawapo. Sizungumzii ule mnyauko wa bakteria ambao wakulima wa viazi wa Njoro na Molo wanaujua vizuri, bali ugonjwa mwingine, unaoziba mishipa ya maji ndani ya shina hadi majani yakauke kuanzia chini kwenda juu. Kama kuna kona ya shamba lako iliyokuwa na ngano au nyasi tupu kwa miaka kadhaa, panda hapo. Kama hakuna, ni afadhali ukalime nafaka miaka kadhaa zaidi kuliko kuiweka miche ya fedha nyingi mahali ulipovuna viazi juzi.

Udongo wenu wenye asili ya majivu ya volkano kwa kawaida hupitisha maji vizuri, jambo ambalo rasiberi hulipenda mno, kwani mizizi yake ikisimama ndani ya maji huoza kwa haraka. Lakini usikisie: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, na kama baada ya saa kadhaa maji bado yametuama, inua matuta. Pima pia uchachu wa udongo, kwa kuwa mmea huu hustawi kati ya pH 5.5 na 6.5.

Panda mvua ndefu inapoanza, miche iachane sentimita 45 hadi 60 ndani ya mstari, na mistari iachane mita mbili au zaidi kidogo. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kufukia mno. Mizizi ifunikwe kwa sentimita tano hivi za udongo, basi, kwa maana machipukizi hutoka humo na yakizikwa chini sana huchoka kabla hayajaliona jua. Changanya samadi iliyooza kabisa, kamwe isiwe mbichi. Kisha tandaza mabua ya ngano, ambayo kwenu hayakosekani, kwa unene wa kiganja, maana mizizi mingi ya mmea huu iko karibu na uso wa ardhi na jembe la palizi huikata. Kati ya Desemba na Februari, mvua ikikatika, kila mita ya mraba ipate takriban lita 25 za maji kwa wiki, yamwagwe chini wala si juu ya majani. Nguzo mbili na waya mbili kwa kila mstari, mmoja kwenye kimo cha goti na mwingine kifuani, zitayazuia mashina yasilale wakati wa upepo.

SWALI: Ninaishi Kisumu katika nyumba ya ghorofa, na nimepanda rasiberi kwenye ndoo roshanini. Majani yamekuwa na madoa ya manjano, na chini yake naona utando mwembamba kama wa buibui. Nifanyeje?

JIBU: Mama, huo utando ni wa utitiri mwekundu, ambao hushamiri penye joto na ukavu. Nyunyizia maji kwa nguvu kidogo upande wa chini wa majani kila asubuhi kwa wiki moja, ukate majani yaliyoharibika, na uisogeze ndoo mahali penye kivuli cha mchana. Hayo yataupunguza utitiri, lakini nisingekutendea haki nikikuahidi mavuno. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, mchana wake hufikia nyuzi 30, na rasiberi hudhoofika katika joto hilo. Kwa hali ya hewa yenu ningependekeza mforosadi, unaoshika kwa urahisi kutokana na kipande cha tawi na kuvumilia joto. Ukiwa na jamaa wenye shamba upande wa Nandi Hills au Kericho, waombe kona ndogo ya rasiberi, mradi mkumbuke kwamba udongo wa kule kwenye mashamba ya chai aghalabu ni mchachu kupita kiasi na huhitaji chokaa kwanza.

SWALI: Rasiberi zangu hapa Molo zimeanza kuiva. Kila ninapochuma, kitovu cheupe hubaki kwenye mmea na tunda hutoka na shimo katikati. Je, huu ni ugonjwa?

JIBU: La, ndugu yangu, ndivyo rasiberi ilivyo. Tunda lililoiva huachia kitovu chake kwa kuguswa tu, na ukilazimika kulivuta, bado halijawa tayari, wala halitaiva nyumbani. Chuma kila baada ya siku mbili, asubuhi umande ukishakauka, ukiyapanga kwenye vikopo vifupi ili ya juu yasiyaponde ya chini, na usiyaoshe hadi wakati wa kula. Kwenye friji hukaa siku mbili au tatu, hivyo mtafute mnunuzi kabla hujachuma.

Usiache hata tunda moja lililoiva sana mmeani au lililoanguka chini. Yupo nzi mdogo, ambaye amekwisha kuripotiwa hapa Kenya, anayetofautiana na nzi wa kawaida wa matunda kwa kuwa hangoji tunda lioze: jike lake lina msumeno mdogo wa kukata ngozi ya tunda linaloiva na kutaga ndani. Ukifungua tunda ukakuta buu mweupe, kusanya yote yaliyoharibika, yafunge ndani ya mfuko wa plastiki na kuuacha juani siku kadhaa kabla ya kuyatupa, kwa sababu ukiyarundika kwenye mboji utakuwa umemfugia kizazi kingine.