Kabla Hujamwambia Muuzaji Akate

Ukiingia duka la vitambaa na nguo moja kichwani, utatoka salama. Ukiingia na hela tu, utatoka na mita mbili za maua ya kuvutia, zikakae kabatini zikisubiri wazo. Mimi huamua nguo kwanza ndipo nitafute kitambaa chake, maana kila kitambaa kina tabia yake na cherehani haina uwezo wa kuibadilisha. Gauni la kumwagika halitoki kwenye kitambaa kikavu kinachosimama chenyewe, hata uwe fundi wa namna gani.

Rangi ndiyo inayokuita kutoka mlangoni, sawa, lakini uamuzi uachie mkono. Fumbata pembe ya kitambaa kiganjani, ibane kwa nguvu, hesabu hadi kumi, uiachie. Makunyanzi yakibaki, ndivyo nguo itakavyokuwa kila ukiinuka kwenye kiti. Kitani kitakunjamana na wanaokipenda wanakipenda hivyohivyo. Kama wewe na pasi hamwelewani, kipite. Kisha mwombe muuzaji akufungulie kiasi cha mita moja kutoka kwenye jora, uitupie begani au mkononi uone inavyoanguka. Hapo utajua kama ni ya sketi ya marinda au ya koti.

Halafu kivute. Kitambaa kilichofumwa kwa mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu zikikatizwa na za upana, karibu hakivutiki kwa urefu, kwa upana kinavutika kidogo, na ukikivuta hanamu, yaani mshazari, ndipo kinapoachia zaidi. Hiyo ni kawaida. Unachotaka kujua ni kama kinarudi. Cha kuvutika, kile cha fulana na nguo za kubana, kivute kiasi utakachokivuta ukiwa umekivaa, ukiachie. Kikibaki kimelegea pale ulipokishika, magoti na viwiko vya nguo hiyo vitatuna kabla ya jioni. Weka pia mkono nyuma ya kitambaa. Ukiviona vidole vyako, hesabu bitana kwenye bajeti tangu sasa. Mwisho, kikwaruze kidogo kwa ukucha au ukisugue chenyewe kwa chenyewe. Kikitoa unga, kimejazwa wanga, na ule ugumu unaoupenda utaondoka na maji ya kwanza.

Muuzaji anaweza kukukazia macho wakati unafanya haya yote. Mwache akukazie.

Kitambaa cha mistari au cha drafti kina mtihani wake. Angalia kama mistari inakwenda sambamba na ukingo, na kama ile ya kukatiza imenyooka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ikiwa mchoro umepigwa chapa ukaenda upande, huna ujanja: ukifuata mchoro, nguo itajipinda mwilini kwa sababu nyuzi zimekaa mshazari, ukifuata nyuzi, mistari itapishana kwenye mishono. Kiache. Michoro inayotazama upande mmoja, ndege wote vichwa juu kwa mfano, inakula kitambaa zaidi kwa kuwa huwezi kugeuza vipande kichwa chini ili kubana nafasi. Mahameli nayo ni hivyohivyo: manyoya yake yanalala upande mmoja, na kipande kikigeuzwa kinaonekana cha rangi nyingine kabisa.

Sasa vipimo, ambapo hela nyingi hupotea. Kabla ya kutaja mita, uliza upana. Vingi vina sentimita 115 au 150, na tofauti hiyo si ndogo. Chukua gauni la urefu wa sentimita 100, mikono ya 60, kwa mtu mwenye nyonga ya 100. Ukiongeza sentimita 8 za kupumulia na nafasi ya mishono, mbele na nyuma vinafika kama 58 kila kimoja. Kwenye upana wa 150 vinalala sambamba, mikono inafuata chini yake, na mita 1.8 zinatosha. Kwenye upana wa 115, vyote viwili vinadai 116. Sentimita moja tu, lakini haiingii! Itabidi uvipange kimoja chini ya kingine, mikono ikae pembeni, na ununue kama mita 2.3. Angalia pia kama duka linauza kwa yadi. Yadi ni sentimita 91, kwa hiyo yadi tatu ziko pungufu ya mita tatu kwa zaidi ya sentimita 25, na huo ni karibu mkono mfupi wa blauzi mzima.

Ongeza kidogo kwa ajili ya kurudi, yaani kitambaa kupungua kikifuliwa. Pamba ambayo haijafuliwa huweza kurudi asilimia 3 hadi 5, maana yake gauni letu la sentimita 100 linaweza kupanda sentimita 5 baada ya kufuliwa. Viskosi nayo hurudi sana. Dawa yake ni kukifua kitambaa kabla ya kukikata, kwa namna ileile utakayoifua nguo: kama ni maji ya moto, basi yawe ya moto. Piga zigizaga kwenye kingo zilizokatwa zisifumuke. Sufu usiithubutu maji ya moto.

Wakati muuzaji anapima, macho yako yatembee na kila mita inayopita. Tafuta nyuzi zilizovutika, doa, tundu, mstari uliofifia pale kitambaa kilipokunjwa. Ukiona kasoro, sema mkasi ukiwa bado mezani, kwa sababu kikishakatwa ni chako. Rangi itazame mlangoni kwenye mwanga wa jua. Taa za dukani hufanya nyeusi mbili tofauti zionekane pacha.

Uzi uchague kwa kufungua ncha moja na kuilaza juu ya kitambaa, usilinganishe kibobini kizima. Ukikosa rangi kamili, chukua iliyokolea kidogo, maana ikishashonwa hufifia. Uinue kwenye mwanga: ukiwa na manyoya mengi utajaza uchafu cherehani yako, na ukikatika kwa mvuto mdogo wa mikono hautastahimili mshono wa suruali. Hapa sibani hela kabisa.

Zipu nunua ndefu kuliko unavyohitaji. Ya nailoni unaifupisha kwa kushona mara kadhaa juu ya meno na kukata kilichobaki. Vifungo ongeza kimoja cha akiba. Gamu ya kubandika kwa pasi, kile kitambaa cha ndani cha kukaza kola, chukua nyepesi kuliko kitambaa cha nguo, na uijaribu kwenye kipande kabla ya kuigusisha kola.

Sindano ndiyo watu huisahau, kisha wakalaumu cherehani inaruka mishono. Namba kubwa kwenye pakiti ni unene wa sindano kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 90 ni milimita 0.9. Shifoni na hariri zinataka 70, pamba ya kawaida 80 au 90, jinzi 100. Kitambaa cha kuvutika kinataka sindano ya ncha ya mviringo, inayopenya kati ya nyuzi bila kuzitoboa. Pakiti hiyo omba kwa jina la kazi yake, na useme ni ya cherehani ya nyumbani, kwani za kiwandani zina shina tofauti na nyingi hazikai kwenye mashine yako.