Una vizibo vya fedha mdomoni na mwili hauko sawa? Usikimbilie kuvitoa

Kama meno yako yamezibwa na ile ya rangi ya fedha alafu una uchovu usioisha, kichwa kinagonga, kumbukumbu imekuwa nzito, na umesoma mahali kwamba zebaki ndo inakumaliza, hii nakuandikia wewe. Nimepita humo humo, na vizibo vyangu ninavyo mpaka leo.

Tusidanganyane, zebaki ipo. Amalgamu, yaani hiyo hiyo ya rangi ya fedha ya kuzibia meno, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, iliyobaki ni fedha, bati na shaba, ukitafuna kuna mvuke kidogo unatoka na ukisaga meno usiku unatoka zaidi. Daktari akikwambia hakitoki kitu huyo anataka tu uondoke upesi. Ila kutoka ni jambo moja na kukuumiza ni jingine.

Kuna utafiti wa Ujerumani naupenda sana, ulitoka 2008. Walichukua watu 90 ambao wenyewe walikuwa wanaamini kabisa wanaumwa kwa sababu ya vizibo, wakawagawa kwa kura makundi matatu: wengine wakatolewa vizibo, wengine wakatolewa na kupewa mavitamini na madini kwa wingi eti ya kusafisha mwili, wengine meno hayakuguswa kabisa ila wakafundishwa namna ya kuishi kiafya. Zebaki ilishuka kweli kwa waliotolewa, lakini nafuu ya dalili ikaja kwa makundi yote matatu, na tofauti haikuwa ya maana. Yaani hata wale ambao hawakuguswa jino!

Mimi nilienda kwa daktari wa meno kumwomba avitoe vyote, yeye akaangalia ncha za meno zilivyolika akaniuliza kama taya linauma nikiamka. Linauma sana. Kumbe nasaga meno usingizini, na hiyo peke yake inatosha kumpa mtu kichwa cha kila asubuhi, basi akanitengenezea kinga ya plastiki ya kuvaa usiku na akanisukuma nikapime damu, ambako madini ya chuma yalikuwa chini mno. Hivyo viwili vilipotibiwa nikarudi kuwa mtu.

Kwa hiyo anza na vipimo vya kawaida, wingi wa damu, chuma, vitamini B12, sukari, tezi ya thairoidi, figo, na usione aibu kuongelea usingizi na msongo wa mawazo. Ukitaka kupima zebaki yenyewe, pima mkojo, huo ndo unaonyesha ile ya meno, nywele na damu zinabeba sana ile ya kwenye samaki. Na mtu akitaka kukupa kwanza dawa ya kuvuta madini kama zebaki yatoke mwilini ndo apime mkojo, kataa, maana hiyo dawa inapandisha namba hata kwa asiye na kizibo hata kimoja.

Kutoa kuna wakati wake. Kizibo kimepasuka, jino limeoza chini yake, au shavu na ulimi pale vinapogusa kizibo vina vidonda au michirizi myeupe, huo unaweza kuwa mzio na mara nyingi unapona kikitolewa. Hapo dai jino litengwe kwa mpira, mashine ya kufyonza yenye nguvu, maji mengi, na kikatwe vipande badala ya kusagwa chote. Kizibo kizima ukikichokoa ndo unavuta mvuke mwingi zaidi kuliko ukikiacha, na jino linapungua kila likichimbwa.

Kizibo kipya ni habari nyingine. Mwaka 2020 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilishauri amalgamu iepukwe kwa wajawazito na wanaopanga mimba, wanaonyonyesha, watoto hasa wa chini ya miaka 6, wenye magonjwa ya neva au figo, na wenye mzio wa zebaki. Umoja wa Ulaya nao umeipiga marufuku tangu Januari 2025 isipokuwa pale daktari akiona ni lazima, ila hapo hoja kubwa ni mazingira, zebaki inaishia kwenye maji na hewa.

Na ukiingia kwa daktari usianze na neno zebaki. Anza na dalili, zilianza lini, zinazidi saa ngapi, unatumia dawa gani. Ukianza na zebaki mnabishana zebaki mpaka muda unaisha, na unatoka humo hata damu hujapimwa.