Usiombe kipimo cha mchuzi, omba kusimama jikoni

Ramadhani ya kwanza baada ya bibi kufariki, nilisema mchuzi wa pweza wa nazi nitaupika mimi. Nilikuwa na daftari. Miaka michache nyuma nilikaa naye ukumbini kwake, kwetu Pemba upande wa Wete, nikamuuliza mchuzi wake anaupikaje. Akanitajia huku mikono yake ikichambua mchele: pweza mmoja, nazi mbili, kitunguu, thomu (kitunguu saumu), tungule (nyanya), bizari, ndimu, chumvi. Niliandika kila neno, nikafunga daftari, nikaona kazi imekwisha.

Siku ile nilifuata kila kilichoandikwa. Pweza nilimnunua Darajani, soko la mjini Unguja, nikamkata vipande, nikamtia sufuriani na maji, chumvi na ndimu. Yalipochemka nikatia bizari ya manjano ya paketi, kisha nikamimina tui lote kwa mpigo mmoja na kufunika. Ilipoadhiniwa magharibi tukafungua kwa tende na uji, nikapakua. Pweza hatafuniki. Tui limekatika, mafuta yanaelea juu na chini kuna chengachenga nyeupe. Mama alikula kimya, akajiongezea wali mtupu. Usiku nilitoa daftari nikausoma tena ule mstari mmoja, nikatambua kwamba kilichomo mle ni orodha ya kwenda sokoni. Namna ya kupika haimo.

Ndiyo sababu ya kuandika haya. Kama yupo mtu ambaye mchuzi wake unaupenda, na bado yu hai, usimpigie simu akutajie vitu. Mwombe akuruhusu usimame kando ya jiko lake, na ukubali kufanya kazi.

Mimi ni mwanamme. Nimelelewa katika nyumba ambayo dada zangu waliitwa jikoni na mimi nikaitwa chakula kikishakuwa tayari. Mama ni mtu wa Unguja, ana mapishi yake mazuri, lakini mchuzi wa mkwewe hakuwahi kuuchukua. Aliyeuchukua ni shangazi, aliyekaa na bibi mpaka mwisho. Baada ya Idi nikapanda boti, nikateremka bandari ya Mkoani, Pemba, nikakamata gari ya Wete.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kula au umekuja kupika?"

"Nimekuja kutazama."

"Kutazama hakukuni nazi. Mbuzi ile pale."

Nikakaa juu ya mbuzi, nikakuna nazi mbili huku jasho linanitoka, na hapo ndipo nilipoanza kujifunza.

Kwanza pweza mwenyewe. Bibi hakuwa akinunua pweza siku yoyote. Alingoja bamvua, siku za maji kujaa na kutoka sana. Bamvua ni mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwetu maji ya bamvua hukupwa kabisa asubuhi mnamo saa nne. Wanawake hushuka pwani na michokoo yao, fimbo za kumchokolea pweza, wakapita mashimo ya mwambani moja baada ya jingine. Nikiwa mdogo nilimfuata bibi mara nyingi, na nilichokumbuka ni miba ya baharini miguuni na jua. Sikukumbuka kwamba kabla hajarudi nyumbani alikuwa akisimama kwenye jiwe pana akimpiga yule pweza, pigo baada ya pigo, kisha akimfikicha juu ya jiwe mpaka anatoa povu. Nilikuwa nikiona mchezo. Kumbe mapishi yameshaanza, pale pale, nusu saa kabla ya moto. Nyama ya pweza ina nyuzi ngumu, na usipozivunja kwa kipigo zitakusumbua mdomoni.

Wewe uliye mjini huna jiwe wala bamvua. Mgandishe kwenye friza siku mbili au tatu, kisha myeyushe taratibu. Maji yaliyomo ndani ya nyama yakiganda hupasua zile nyuzi, kazi ile ile ya jiwe. Nimejaribu na nimeridhika.

Pili, na hili ndilo lililoniua siku ile ya futari: shangazi hakutia maji. Wala chumvi, wala ndimu. Alimweka pweza mzima ndani ya chungu kikavu, akafunika, moto wa wastani. Baada ya dakika chache nikasikia chungu kinachemka. Nikafunua, nikamkuta amezama ndani ya maji yake mwenyewe, ya rangi ya zambarau. Pweza amejaa maji, na maji hayo yameshakuja na chumvi ya baharini. Anapikika humo humo mpaka karibu yakauke, anasinyaa, ndipo anatolewa na kukatwa. Usishtuke ukiona pweza mkubwa amekuwa kidogo. Nunua kwa hesabu hiyo, hasa ukiwa na wageni.

Tatu, bizari. Hapa nilikaa chini nikacheka na kulia pamoja. Daftari langu lilisema "bizari", nami nikatia ya manjano. Bibi aliposema bizari alikuwa na maana ya bizari nzima, iliyokaangwa kikavu kwenye kikaango mpaka inanukia, ikatwangwa na pilipili manga na karafuu. Ya manjano aliitaja kwa jina lake kamili, "manjano", na kwenye pweza hakuitia kabisa. Neno moja, na mchuzi mzima ukapotea. Kwa hiyo ukisimama na mzee jikoni, usiridhike na jina la kiungo. Kishike, kinuse, muulize alikinunua wapi na alikifanya nini kabla hakijafika chunguni.

Karafuu zilikuwa mbili. Nilimwambia shangazi nimeshangaa, kwa sababu msimu wa karafuu uwanja ule ule ulikuwa umetandikwa majamvi matupu ya karafuu, nasi watoto tukizifukuzia kuku na kuzikimbiza ndani wingu likitanda. Akaniambia bibi alikuwa akizihesabu. Karafuu ina mafuta yanayotia ganzi, ndiyo maana mtu anayeumwa na jino huambiwa aiume. Ukiizidisha kwenye mchuzi, ulimi unalala na hauonji tena kitu kingine. Wengi wetu tukiwa mbali na nyumbani tunazidisha viungo kwa kuwa tunakumbuka harufu. Harufu ile ilikuwa ya uwanja, si ya chungu.

Sasa tui, maana hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Nazi ikishakunwa, tui la kwanza, kasimile, linakamuliwa kwa maji kidogo sana na kuwekwa pembeni. Halafu chicha inarudiwa maji, inakamuliwa tena kwenye kifumbu, na hilo tui jepesi ndilo linalopikiwa. Kitunguu, thomu, tungule na bizari vinaiva humo pamoja na pweza. Kitu kichachu, iwe ndimu, ukwaju, mbirimbi au embe mbichi, kinaingia wakati huu, na kinapewa nafasi ya kutulia. Kasimile inaingia mwisho kabisa, moto umeshapunguzwa, chungu hakifunikwi, na upawa hautoki mkononi. Likianza kutoa mapovu madogo pembeni, unaepua.

Sababu yake ni hii: tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na kinachoyashikilia yasitengane ni protini. Moto mkali unaharibu protini hiyo, na uchachu unaiharibu pia. Mimi nililipiga tui kwa vyote viwili kwa wakati mmoja, halafu nikalifunika. Lisingeweza kupona. Na shangazi hajui habari ya protini, anajua tu kwamba "kasimile haitaki ghasia".

Nilikwenda na mizani ndogo ya jikoni. Kila alichochota kwa vidole nilimzuia, nikakipima, nikaandika, kisha nikamrudishia. Mwanzo alikasirika. Baadaye akawa ananyoosha mkono mwenyewe, "Pima." Nakushauri ufanye hivyo, ila upime mara tatu kwa siku tatu tofauti, kwa sababu mkono wa mzee haufanani kila siku: nazi ikiwa changa unabadilika, embe ikiwa kali unabadilika. Andika na mabadiliko hayo. Mimi sasa nina kurasa nne za mchuzi mmoja.

Mchuzi wa pili nilioubeba kutoka kwa shangazi ni chukuchuku, na huo ulinifaa haraka kuliko nilivyodhani. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji, na siku ya pili hospitali wakaruhusu anywe supu. Mama mkwe alikuwa bado njiani. Nikaingia jikoni mwenyewe.

Chukuchuku haina nazi wala mafuta. Ni changu mbichi, na kichwa chake, usikitupe. Maji, kitunguu, tungule moja, thomu, chumvi, na pilipili moja nzima ambayo haijapasuliwa, inaelea tu itoe harufu. Maji yachemke kwanza mpaka kitunguu kilainike, ndipo samaki aingie, na dakika kumi zinamtosha. Ukimzidisha anavurugika na supu inakuwa na ukungu. Ndimu nilibeba kando, nikaikamulia palepale kitandani. Ndimu ikikaa muda mrefu ndani ya supu ya moto inaleta uchungu, na mgonjwa mdomo wake tayari ni mchungu. Supu niliichuja kwenye kitambaa kwa sababu ya miiba, nikaitia katika chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto, samaki nikamchambua kwenye bakuli lake.

Mama mkwe alifika akamkuta bintiye anakunywa. Akaonja kijiko.

"Nani kapika?"

"Mimi, mama."

Akanitazama, akaonja tena. "Basi nitapika uji wa pilipili manga. Supu endelea nayo wewe." Siku zote arobaini supu ilikuwa zamu yangu. Nimeshasifiwa kwa mambo mengine maishani, hilo nalikumbuka zaidi.

Ukimpelekea mgonjwa chakula, nakuomba uanze na hii. Mchuzi wa nazi ni mzito, mwache apone kwanza. Na usiende na sufuria nzima. Bakuli moja kila mara, ya moto, ni bora kuliko nyingi iliyopoa.

Kuna michuzi mingine naipita haraka. Mchuzi wa ng'onda, samaki mkavu, ni wa kusi kwetu, bahari inapochafuka na vyombo vikashindwa kutoka. Bibi alikuwa na ng'onda wake juu ya uchaga, akiwaroweka na kumwaga maji mara mbili kabla ya kupika, na hata hivyo alikuwa haongezi chumvi mpaka aonje. Ukwaju ndio unaomfaa, kuliko ndimu. Mwaka ambao pepo zilikawia kutulia tulikula ng'onda na muhogo siku nyingi mfululizo, na mpaka leo nikisikia harufu yake namwona babu amekaa barazani anaangalia miti inavyoinama.

Urojo siupiki nyumbani. Najua watu wanaupika, na si vibaya, lakini urojo unataka bajia, kachori, mbatata, chatne ya nazi, pilipili na vile vipande vya muhogo vya kukaanga, na kila kimoja kina fundi wake. Tulipohamia mjini nilikuwa nikiununua nikitoka skuli, nikiunywa nimesimama, na utamu wake nusu ni kule kusimama. Mnunue mwanao bakuli, simama naye.

Bado sijakwambia juu ya mchuzi wa papa, ambao ndio nilioupenda kuliko yote. Bibi aliupika kwa papa mkavu na embe mbichi, tukaula kwa ugali wa muhogo, na siku hiyo wajukuu tuligombania kukomba chungu. Nimeupika na shangazi mara tatu. Umekuwa mzuri mara zote, na mara zote si wenyewe. Shangazi mwenyewe anakiri kuna kitu kinakosekana. Anadhani ni papa: wale wa zamani walikuwa wakubwa, babu akiwapasua na kuwaanika mwenyewe, na siku hizi papa wamepungua baharini, wanaoletwa ni wadogo. Mimi nadhani ni chungu, kwa sababu chungu cha bibi kilivunjika mwaka ule ule aliofariki, na kilikuwa kimekunywa michuzi ya miaka. Jirani yake wa zamani, bibi kizee ambaye sasa haoni vizuri, aliposikia tunabishana alisema mwenziwe alikuwa akitupia kitu kwenye mafuta kabla ya kitunguu, ila hakumbuki ni nini, mpaka akisikie harufu yake.

Kwa hiyo bamvua ijayo narudi Wete. Shangazi ameahidi kumtafuta papa kule Tumbe, mimi nabeba viungo vyote ninavyovijua, kila kimoja kwenye karatasi yake, na tutamweka yule bibi kwenye mkeka karibu na jiko, tukaange kimoja kimoja mpaka atuambie.